WET, SPORT, RACE, OFF: uhakiki wa kitufe kimoja cha gari za nguvu

Leo sihakiki kitabu wala wimbo. Nahakiki kitufe.

Ni kile kitufe cha gari za michezo zenye nguvu kubwa, chenye maneno kama WET, SPORT, RACE na OFF. Dereva anakizungusha na gari inabadilisha tabia yake papo hapo. Wengi wetu hatujakigusa kwa mkono, tumekiona tu kwa video za simu: kidole kinabonyeza, ile taa ya manjano inawaka kwenye dashibodi, ya kagari kenye alama mbili za kuteleza, halafu moshi unatoka nyuma na watu wanapiga kelele. Vijana wa mtaani wanayo tafsiri yao tayari: “Amezima yote. Uyu mutu anajua kuendesha kabisa!”

Tafsiri hiyo njo ninayobishana nayo. Lakini sitaki kuwatwika vijana mzigo wote, kwa sababu walioandika maneno yale kwenye usukani, na waliotengeneza filimu, wamewasaidia sana kusoma hivyo.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe, maana kuna mifumo miwili na watu wanaichanganya. Wa kwanza ni antipatinaji. Kila gurudumu liko na kidude cha kupima mwendo wake, kilekile kinachotumiwa na ABS. Kompyuta ikiona kwamba magurudumu yanayosukumwa na motere yanazunguka haraka kuliko mengine, inajua yanapatina, yaani yanazunguka bure. Inapunguza nguvu ya motere, au inashika freni kwenye gurudumu linalopatina. Mfumo wa pili ni ESP, ambao Bosch na Mercedes-Benz waliuingiza sokoni mwaka 1995. Huu unauliza swali pana zaidi: dereva anaelekeza wapi, na gari inakwenda wapi? Unapima pembe ya usukani, unapima namna gari inavyojizungusha na namna inavyosukumwa pembeni. Majibu yakiachana, unashika freni kwenye gurudumu moja peke yake. Nyuma ya gari ikitaka kutangulia mbele, unashika gurudumu la mbele la upande wa nje wa kona. Pua ya gari ikikataa kugeuka, unashika la nyuma la upande wa ndani. Dereva mwenyewe, hata awe bingwa wa dunia, iko na kanyagio moja tu ya freni, inayoshika magurudumu yote pamoja. Kazi hii hawezi kuifanya kwa mguu wake. Watu wengi wanaosema “mashine inamnyang'anya dereva kazi” wanasahau jambo hili dogo.

Tena tairi iko na mshiko wa kiasi fulani tu, kama mshahara. Unautumia kwa kuongeza mwendo, unautumia kwa freni, unautumia kwa kukata kona, lakini ni mshahara uleule mmoja. Ukiutumia wote kwa kukata kona, hakuna unaobaki wa kuongeza mwendo. Gari ndogo ya nguvu 70 haiwezi kuumaliza kirahisi. Gari ya nguvu 600 inayosukuma magurudumu ya nyuma peke yake inaumaliza kwa kanyago moja la mguu, hata ikiwa tayari inakwenda haraka. Na tairi zake zimetengenezwa kwa ajili ya joto. Asubuhi ya baridi, au kwenye maji, mshahara ule unapungua zaidi na zaidi.

Sasa niende kwenye gari ambayo jina lake linajulikana hata na watu wasiojali magari, ila wanalijua kwa sababu ya msiba. Porsche Carrera GT ilianza kuuzwa miaka ya 2003 na 2004. Zilitengenezwa zaidi kidogo ya 1,200. Motere yake ni ya silinda 10, lita 5.7, nguvu 612, na gari yote inapima chini kidogo ya kilo 1,400. Ilikuwa na ABS. Ilikuwa na antipatinaji, na kitufe cha kuizima. ESP haikuwa nayo. Si kwamba Porsche haikujua kuitengeneza: 911 za wakati uleule zilikuwa nayo, kwa jina la PSM. Gari ya kilele ilikosa kitu ambacho gari za chini yake zilikuwa nacho, na kukosa huko kulisomwa na wapenzi wengi kama sifa. Gari safi, walisema. Gari ya mwanaume.

Tarehe 30 Novemba 2013, huko Santa Clarita, California, Carrera GT ya mwaka 2005 iligonga nguzo ya taa na miti, ikawaka moto. Ndani alikuwa Paul Walker, yule Brian wa Fast and Furious, amekaa upande wa abiria. Rafiki yake alikuwa anaendesha, naye hakuwa mtu wa kujaribu tu. Alikuwa anashiriki mbio za magari. Wote wawili walikufa. Uchunguzi uliotangazwa Machi 2014 haukukuta ubovu wowote kwenye gari. Ulisema mwendo: kati ya kilometa 130 na 150 kwa saa, mahali penye kikomo cha kama 72. Na ulitaja matairi, yaliyokuwa na umri wa miaka 9.

Binti wa Paul Walker alishitaki Porsche, na moja ya hoja zake ilikuwa hiyo hiyo ya kukosa ESP. Porsche ilikataa lawama. Mwaka 2017 pande mbili zikapatana na kesi ikaisha. Kwa hiyo hakuna hukumu ya jaji ninayoweza kuwaletea hapa, na sitaki kuandika kwamba ESP ingewaokoa. Kwa mwendo ule na kwa matairi ya miaka 9, mshahara wa mshiko ulikuwa mdogo, na kompyuta haiongezi mshahara, inagawa tu uliopo. Ninachohakiki ni lugha. Tairi lililozeeka na ESP isiyokuwepo havionekani kwa macho. Kinachoonekana ni jina, umbo, sauti ya silinda 10, na lile neno “safi”. Neno lile lilikuwa linaficha kitu, na waliolisema kwa furaha hawakukaa wakahesabu ni kitu gani.

Ferrari njo iliyokigeuza kitufe kuwa maneno. Mwaka 2004, kwenye F430 ya nguvu 490, waliweka kiswichi chekundu juu ya usukani wakakiita manettino, yaani kimkono kidogo. Kilikuwa na nafasi tano. Ya kwanza ilikuwa ya barafu. Ya pili ilikuwa ya barabara yenye mshiko mdogo, yaani ya mvua. Kisha SPORT, kisha RACE, na mwisho ile ya kuzima vyote. Zisomeni tena polepole. Nafasi mbili za kwanza zinauliza barabara ikoje. Zinazofuata haziulizi barabara tena, zinamuuliza dereva: wewe ni nani leo? Mtu wa michezo? Mtu wa mbio? Na ya tano inamuuliza kama anathubutu.

Miaka mitano baadaye ikaja 458 Italia, nguvu 570. Nafasi bado tano, lakini barafu imetoka. Imebaki WET peke yake kwa upande wa barabara. Halafu SPORT, RACE, CT OFF ya kuzima antipatinaji, na ESC OFF ya kuzima vyote. Nguvu imeongezeka karibu 80, na maneno yanayohusu barabara yamepungua kutoka mawili hadi moja, huku maneno ya kuzima yakiongezeka kutoka moja hadi mawili. Najua fundi atanijibu: programu ya WET ni nzuri zaidi kuliko zile mbili za zamani, na nani anaendesha 458 kwenye barafu? Namkubalia yote. Hata kuzigawanya hatua mbili za kuzima kuna faida, dereva wa uwanjani anatoa kimoja akibakiza kingine. Lakini kitufe kinasomwa na mnunuzi, si na fundi, na mnunuzi anasoma ngazi. Chini kabisa kuna maji na woga. Juu kabisa kuna OFF.

Angalia tena kampuni ileile inavyoandika anapokuwa mnunuzi wa aina nyingine. Mwaka 2011 Ferrari ilitoa FF, gari ya viti vinne, inayosukuma magurudumu yote. Kiswichi ni kilekile chekundu, lakini maneno ni barafu, WET, COMFORT, SPORT, na kuzima. RACE haipo. Nguvu ya FF ilikuwa 660, yaani inaipita 458. Purosangue ya mwaka 2022, milango minne, nguvu 725, nayo imeandikwa vilevile. Kumbe neno RACE halifuati nguvu ya motere. Linafuata watu waliokaa ndani. Baba mwenye watoto nyuma anaulizwa habari ya barabara. Baba yuleyule, akiwa peke yake Jumapili na 458, anaulizwa habari ya nafsi yake. Sijaona ushahidi mzuri kuliko huu.

Wamarekani walifanya vizuri kidogo. Chevrolet Corvette ZR1 ya mwaka 2010, nguvu 638, ililetewa mfumo wa ngazi tano kwa ajili ya uwanja wa mbio, na kwenye Corvette iliyofuata ngazi hizo zinasomeka WET, DRY, SPORT 1, SPORT 2, RACE. Napenda lile neno DRY. Barabara kavu imepewa jina, kitu ambacho Ferrari haikufikiria. Na kuna jambo ambalo watu hawalijui: kwenye ngazi ya RACE, ESP imetoka, lakini ile kompyuta inayopima nguvu ya motere haijalala hata kidogo. Inafanya kazi zaidi. Dereva anakanyaga mafuta hadi chini akitoka kwenye kona, na kompyuta inagawa nguvu kidogo kidogo, kwa kadiri tairi linavyoweza kushika. Neno linasema mtu, kazi anafanya mashine.

Mercedes-AMG GT R ya mwaka 2017, nguvu 585, iko na kiduara cha manjano katikati chenye ngazi tisa za antipatinaji, za kutumiwa ESP ikiwa imezimwa. Ni taa tu zinazoongezeka kadiri unavyozungusha. Ngazi ya kwanza imepangwa kwa ajili ya barabara ya maji, na kadiri unavyopanda unaliruhusu gurudumu kupatina zaidi. Hakuna neno la kumsifu mtu pale. Ni kama kizungusho cha jiko: mbili, tatu, nne. Kwangu mimi hicho njo kitufe kilichoandikwa vizuri kuliko vyote, ingawa hata rangi yake ya manjano inakuita ukiguse.

Turudi sasa kwa filimu, maana wengi tulikomaa nazo kwenye salle za video kabla hatujagusa usukani wowote. Tokyo Drift ya mwaka 2006 ni filimu nzuri ya kutazama, siwezi kusema uongo. Lakini ile Mitsubishi Lancer Evolution nyekundu inayoteleza pale si gari iliyotoka dukani. Lancer Evolution ya dukani inasukuma magurudumu yote manne. Kwa ajili ya filimu waliibadilisha isukume ya nyuma peke yake, ipate kuteleza vizuri mbele ya kamera. Barabara zilifungwa. Madereva walikuwa watu wa kazi ile. Nani alituambia hayo wakati tunatazama? Filimu haina deni la kutufundisha udereva, ni kweli. Lakini video za leo zinazojiita za majaribio ya magari, zenye mtu anayesema ukweli juu ya gari, hizo ziko na deni. Na nyingi zinafuata mtindo uleule: dakika moja ya kuzima vitufe, dakika kumi za moshi. Uwanja mtupu wenye upana wa mita hamsini hauonekani vizuri. Matairi mapya ya tatu ya siku ile hayaonekani kabisa.

Tena mara nyingi anayeonekana amezima hajazima. Mwaka 2013 Ferrari 458 Speciale ilikuja na programu inayohesabu pembe ya kuteleza, ili nyuma itoke kidogo kwa raha na isitoke zaidi. McLaren 720S ya mwaka 2017 inamruhusu dereva achague kwa kidole, kwenye skrini, gari iteleze kwa kiasi gani. Gari nyingi za kawaida, ukibonyeza OFF mara moja haraka, zinapunguza tu ulinzi. Kuuzima wote kunataka ushikilie kitufe kwa sekunde kadhaa. Kijana anayetazama Bukavu au Lubumbashi anaona mutu ameshinda mashine kwa mikono yake. Mara ingine anachotazama ni mashine inayocheza peke yake, na mutu amekaa ndani anacheka.

Kuna hoja moja ya upande wa pili inayonifurahisha, na ni ya watu wanaofuata mbio kwa karibu. Wanasema: Formula 1 ilipiga marufuku antipatinaji mwaka 2008, kwa hiyo dereva wa kweli haihitaji. Hoja hii inajipiga yenyewe. Kitu kinapigwa marufuku mbiyoni kwa sababu kinasaidia sana, si kwa sababu hakina maana. Walitaka kuona kazi ya mguu wa dereva, wakaondoa chombo kilichokuwa kinaifanya vizuri mno. Na kwenye mbio za GT3, za magari yanayofanana kwa umbo na haya tunayozungumzia, pamoja na zile saa 24 za Spa huko Ubelgiji, ABS na antipatinaji vinaruhusiwa. Dereva anavyo viduara viwili vya kuzungusha, anaviongeza mvua ikianza, anavipunguza njia ikikauka. Watu wanaolipwa kwa kazi hiyo hawaoni haya kuvitumia.

Wapinzani wangu wako na ukweli mahali pamoja, na ni vibaya kuupita. Mifumo ya kwanza ilikuwa mizito. Ilichelewa kuingia, halafu ikaingia kwa nguvu, motere ikanyongwa katikati ya kona kama mtu aliyezibwa mdomo. Dereva mwenye ujuzi alikasirika kwa haki. Tena kuna siku OFF ni jibu sahihi. Uwanjani, na mwalimu pembeni, mtu anajifunza mguu wake unafanya nini. Na kwenye matope! Hapo hata sisi tunakijua kitufe hiki bila kuwa na Ferrari: RAV4 imekwama katika msimu wa mvua, antipatinaji inakata nguvu kila gurudumu likianza kuzunguka, gari haitoki. Unazima, unaacha magurudumu yachimbe kidogo, unatoka, unawasha tena. Vitabu vya gari vyenyewe vinaandika hivyo, kwa theluji na kwa matope. Matumizi ya heshima kabisa ya neno OFF yanafanyika kwa kilometa tano kwa saa, na hakuna anayeyapiga video.

Gari za nguvu kidogo zilifundisha somo hili mapema. Audi TT ya kwanza, ile iliyotoka mwaka 1998 na kusifiwa dunia nzima kwa umbo lake, ilianza kuteleza nyuma kwa mwendo mkubwa kwenye barabara za Ujerumani, na watu wakafa. Audi iliziita zirudi garaji, zikawekewa ESP na kabawa kadogo nyuma. Kuna wapenzi wa umbo lile wanaosikitikia kabawa hadi leo. Sijui niwaambie nini.

Mwaka 2007, wakati wa kuandika sheria, serikali ya Marekani ilikadiria kwamba ESP ikiwa kwenye magari yote madogo itazuia vifo kati ya 5,300 na 9,600 kila mwaka. Tangu Septemba 2011 kila gari mpya ndogo inayouzwa kule lazima iwe nayo. Ulaya ilikamilisha mwaka 2014. Hata Dodge Viper, gari iliyoanza mwaka 1992 na silinda 10, nguvu 400, bila ABS, iliyojivunia miaka mingi kukosa antipatinaji na ESP, iliporudi sokoni mwaka 2013 ilirudi na ESP. Si kwa kupenda.

Sheria ile ya Marekani iko na kipengele kimoja ambacho wamiliki wa gari hizi wanakilalamikia sana. Gari ikizimwa na kuwashwa tena, ESP inapaswa kurudi kwenye hali yake ya kawaida, hata kama jana usiku dereva aliizima. Wanasema inachosha kubonyeza kila asubuhi. Labda. Lakini asubuhi matairi ni baridi, na aliyezima jana alikuwa anaizimia barabara ya jana.